Mtoto anaswaki kila siku na meno bado yanatoboka: mwongozo kamili wa kumpigisha mswaki

Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu: "Mbona wangu anaswaki kila asubuhi na meno ya mbele yameisha?" Nimeulizwa kwenye daladala ya Buhongwa hapa Mwanza, nimeulizwa kwenye foleni ya chanjo, na juzi nimeulizwa na wifi yangu ambaye nilishamweleza mara mbili. Kwa hiyo leo naandika yote, hatua kwa hatua.

Jibu fupi ni kwamba asubuhi siyo tatizo. Meno ya watoto wetu yanaozea usiku, kati ya uji wa mwisho na alfajiri. Pili, mtoto wa miaka mitatu hapigi mswaki, anautafuna. Anayesafisha ni mtu mzima aliyeushika.

Nalijua hili kwa gharama. Mwanangu wa kwanza nilimpa mswaki wake akiwa na mwaka na nusu, nikawa najisifu kwa majirani kwamba anajitegemea. Alipotimiza miaka mitatu, meno manne ya mbele juu yalikuwa yamebaki vijiti vya kahawia. Mawili yaling'olewa. Wa pili nimemfanyia ninayoyaandika hapa.

## Andaa hivi kwanza

- Mswaki wa mtoto, kichwa kidogo, nywele laini. Kila mtoto na wake. Nywele zikishatanuka kama ufagio uliochoka, nunua mwingine; kwa kawaida ni kila miezi 3.
- Dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha jino. Geuza boksi usome maandishi madogo: unatafuta namba kati ya 1000 na 1500 ppm, yaani kipimo cha hiyo floraidi. Usidanganyike na picha ya katuni. Baadhi ya dawa za watoto zina 500 tu, nyingine hazina kabisa, wakati ile ya familia nzima mara nyingi inafaa. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Kitambaa safi cha pamba.
- Tochi ya simu. Hata umeme ukiwepo, taa ya darini haifiki kwenye magego.
- Kikombe cha maji ya kunywa cha kuweka karibu na kitanda.

Mkaa, majivu na chumvi acha. Vinakwangua jino na havina floraidi. Mswaki wa mti mtu mzima mwenye mkono mzoefu anaweza kusafishia, lakini kinywani mwa mtoto wa miaka miwili hauzunguki.

Kuhusu hiyo floraidi: maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani, na ziwa lina floraidi kidogo. Kwa hiyo mtoto wako ataipata kwenye dawa ya meno zaidi kuliko kwenye kikombe cha maji. Walio kwenye baadhi ya visima vya Kanda ya Ziwa, kwa mfano maeneo ya Shinyanga, wana shida iliyo kinyume: floraidi imezidi, meno ya ukubwani yanatoka na madoa ya kahawia. Hao wazingatie sana kiasi nitakachotaja kwenye Hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Inua mdomo wa juu

Kabla ya kuswaki chochote, jua unaanzia wapi. Mlaze mtoto, washa tochi, na kwa kidole gumba inua mdomo wa juu mpaka uone fizi.

Angalia pale jino linapokutana na fizi. Kuoza hakuanzi na tundu. Kunaanza na mstari mweupe, mweupe wa chaki usiong'aa, umefuata ukingo wa fizi kama alama ya maji yaliyokauka. Wazazi wengi wanauona wanadhani ni mabaki ya maziwa. Futa kwa kitambaa, jino likauke, uangalie tena. Ukibaki pale pale, hayo siyo maziwa.

Huo mstari ni habari njema, kwa sababu bado unaweza kurudi nyuma. Asidi imetoa madini kwenye jino, na floraidi pamoja na mate vinaweza kuyarudisha. Ukigeuka njano, kisha kahawia, kisha jino likamong'onyoka, hapo mswaki peke yake hautoshi; ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya "Lini mswaki hautoshi", halafu urudi hapa.

Usishangae meno ya chini ya mbele yakiwa mazima kabisa. Ulimi unayafunika, na mate yanamwagika papo hapo. Ya juu ndiyo yanayoogelea kwenye uji.

Umefaulu ukiwa umeona meno yote, na unajua kuna mstari au hakuna. Rudia kila mwezi. Usipokumbuka, fungamanisha na kadi ya kliniki: chanjo ya surua ya miezi 9, ile ya miezi 18, na kila siku ya matone ya vitamini A.

## Hatua ya 2: Panga jioni upya

Hapa ndipo karibu kila mtu anapokosea, na ni kosa la ratiba. Nyumbani kwangu ilikuwa hivi: mtoto anaoga saa kumi na mbili, anaswaki huko huko bafuni, anakula ugali na sato saa mbili, halafu saa tatu "asilale na njaa" anapewa kikombe cha uji wa lishe wenye sukari. Analalia uji. Ukimfungua mdomo saa nne unaukuta shavuni, umeganda.

Ukilala, mate yanapungua sana. Mate ndiyo yanayosuuza na kupunguza makali ya asidi, kwa hiyo uji uliobaki saa tatu usiku unakuwa na jino mpaka asubuhi bila wa kuwaamua.

Badilisha mpangilio uwe hivi: chakula, kisha uji au maziwa kama ni lazima, kisha mswaki, kisha kitanda. Mswaki utoke bafuni uende chumbani, usubiri kando ya kitanda. Mtoto wako akizoea kusinzia mapema, usisubiri saa tatu. Mpe uji saa moja na nusu, mswakishe akiwa bado macho.

Tahadhari: dawa za maji za kikohozi au homa nyingi zina sukari. Dozi ya usiku itangulie mswaki. Ikibidi anyweshwe usiku wa manane, mfute meno kwa kitambaa chenye maji.

Umefaulu ukiwa kitu cha mwisho kugusa meno yake ni dawa ya meno, na baada ya hapo ni maji matupu.

## Hatua ya 3: Mlaze, usimsimamishe

Ukisimama uso kwa uso na mtoto unachokiona ni midomo. Magego huyaoni, na akirudi nyuma hatua moja umemkosa.

Mkiwa wawili, kaeni mkitazamana, magoti yagusane. Mtoto alale juu ya mapaja yenu, kichwa kwako, miguu kwa mwenzio, ambaye anamshika mikono taratibu. Ukiwa peke yako, kaa kwenye mkeka au kitandani umetandaza miguu, mlaze katikati, kichwa chake kiegemee tumboni kwako. Anaona uso wako umepinduka, mara nyingi anacheka. Mkubwa wa miaka mitano au sita anaweza kusimama, wewe ukiwa nyuma yake, umeegemeza kichwa chake kifuani.

Kwa kichanga kisicho na meno, kitambaa chenye maji kilichozungushwa kidoleni kinatosha kufuta fizi. Jino la kwanza likichomoza, kwa kawaida karibu na miezi 6, mswaki unaanza siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 4: Pima dawa

Chini ya miaka 3: paka dawa iliyo sawa na punje moja ya mchele. Miaka 3 hadi 6: punje moja ya njegere. Basi. Kwenye matangazo dawa inamwagwa mswaki mzima kama krimu ya keki, usifuate.

Sababu ni kwamba mdogo anameza. Akimeza punje ya mchele hakuna neno. Akimeza nyingi kila siku kwa miaka, meno ya ukubwani yanayojengeka ndani ya taya yanaweza kutoka na madoa. Boksi la dawa likae juu, asilifikie, hasa dawa ikiwa na ladha ya tunda. Wanaila.

## Hatua ya 5: Swaki kwa mpangilio, anza na pabaya

Anza na meno ya juu ya mbele, kabla mtoto hajachoka. Kwa kidole cha mkono usioshika mswaki, inua mdomo wa juu, na ncha ya kidole izibe ule uzi mdogo wa nyama katikati, unaounganisha mdomo na fizi. Mswaki ukigonga pale panauma sana. Mimi naamini nusu ya watoto "wanaochukia mswaki" wanachukia kugongwa pale, na hakuna aliyewauliza.

Laza nywele za mswaki mshazari, nusu kwenye jino, nusu kwenye fizi. Zungusha taratibu, duara ndogo ndogo, hesabu hadi tano, songa meno mawili mbele. Usisugue kwenda na kurudi kama unaosha sufuria.

Kisha magego: nje upande wa shavu, juu na chini, ndani upande wa ulimi, mwisho juu pale anapotafunia, ambako mna mifereji inayohifadhi biskuti. Maliza na nyuma ya meno ya mbele. Jumla ni kama dakika 2. Sisi tunatumia wimbo, na ukiisha tumeisha; mtoto anavumilia kitu akijua kina mwisho.

Fizi zikitoa damu siku za mwanzo, usiache. Zimevimba kwa sababu ya utando uliokaa, na kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi zinatulia. Zisipotulia, mwonyeshe daktari.

Umefaulu ukiwa unapitisha ukucha safi kando ya fizi na hautoki na utelezi mweupe. Huo utelezi ndio nyumba ya bakteria. Ndio wanaokula sukari na kutoa asidi.

Fanya hivi usiku na asubuhi. Ukiwa umeshindwa kabisa kupata mara mbili, usiku ndio usiouzwa.

## Hatua ya 6: Ateme, asisukutue

Tumelelewa kusukutua kwa maji mpaka kinywa kiwe kitupu. Ukifanya hivyo umeosha floraidi uliyoinunua. Mtoto ateme povu, mara mbili tatu, basi. Asiyejua kutema mfute kwa kitambaa kilichokamuliwa. Ladha inayobaki mdomoni usiku ndiyo kazi yenyewe.

## Akigoma

Atagoma. Siku tatu za kwanza nilimswakisha mwanangu wa pili akilia, na nikagundua kwamba mdomo unaolia uko wazi. Nilifanya haraka, nikamsifu, nikamkumbatia, tukalala. Wiki ya pili alikuwa anajilaza mwenyewe.

Mpe uchaguzi mdogo: mswaki mwekundu au wa bluu, aanze yeye au nianze mimi. Mwache aswaki kwanza kwa mkono wake, afurahi, kisha wewe "unamalizia". Huko kumalizia ndiko kuswaki kwenyewe, na utaendelea nako mpaka awe na miaka 7 au 8, kwa sababu kabla ya hapo mkono wake haujatulia.

Usimtishie kwa daktari wala sindano. Ipo siku utamhitaji huyo daktari, na mtoto atakuwa ameshaaminishwa kwamba ni adui.

Kuna na mgomo wa watu wazima. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Ukerewe, akanikuta na tochi mdomoni mwa mjukuu wake. "Mama, meno ya utotoni hayo, si yanang'oka tu? Unajitesa." Nikamjibu, "Kweli mama, ya mbele yanang'oka mapema. Lakini haya magego anayatafunia mpaka awe na miaka kumi, kumi na moja. Yakioza sasa, ugali atautafunia nini?" Hakunijibu. Kesho yake usiku nikamsikia anamwambia mtoto, "Njoo ulale hapa kwa bibi, nishike tochi."

## Kunyonya usiku na chupa

Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa ajili ya meno. Anyonyeshe. Baada ya mwaka mmoja, mtoto akiwa na meno mengi na ananyonya usiku kucha, kazi yako ni kuhakikisha ameingia kitandani na meno safi, ili maziwa yasikute mabaki ya uji na biskuti.

Chupa ni jambo jingine. Chupa ya juisi, chai ya maziwa au uji mwepesi mtoto anayolala nayo mdomoni ndiyo iliyomaliza meno ya mwanangu wa kwanza. Punguza hivi: usiku wa kwanza robo ya chupa iwe maji, baada ya siku mbili nusu, kisha robo tatu, kisha maji matupu. Ndani ya wiki mbili wengi wanaitupa wenyewe. Akifika mwaka mmoja ahamie kikombe.

## Mchana: hesabu mara, usipime kijiko

Kila sukari ikiingia mdomoni, asidi inafanya kazi kwa karibu nusu saa. Ndiyo maana soda iliyonywewa mara moja na chakula inaharibu kidogo kuliko barafu ya rangi inayofyonzwa kidogo kidogo kuanzia geti la shule hadi nyumbani. Ubuyu wa sukari ni hivyo hivyo: unakaa shavuni, unamumunywa, kokwa moja baada ya nyingine.

Sikuambii umnyime. Mpe mara moja, pamoja na chakula, kisha maji. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) anayotumiwa na bibi yanaingia kundi hili pia, maana ni matamu na yananata kwenye magego. Yaende na mlo, yasiwe ya kutembea nayo. Katikati ya milo kuna yai la kuchemsha, kipande cha tikiti, mtindi usio na sukari, dagaa wa kukaanga. Karanga nzima usimpe aliye chini ya miaka mitano, anaweza kupaliwa.

Ukitaka kujua unasimama wapi, chukua siku moja uhesabu kwa vidole kila kitu kitamu kilichopita, na chai iwemo. Mimi nilihesabu tisa, nikadhani nimekosea.

## Homa, kuharisha na "meno ya plastiki"

Mtoto wa miezi sita ana homa, anaharisha, fizi imevimba kwa pembeni, na jirani anasema ana meno ya plastiki, yatolewe. Hakuna meno ya plastiki. Kile kivimbe ni chonge changa kinachokua ndani ya fizi, na kila mtoto anacho. Wanaokichokonoa kwa msumari, kisu au spoku ya baiskeli wanatoa jino halisi la mtoto, na wanaweza kuliharibu la ukubwani lililo chini yake. Watoto wamepoteza damu, wamepata maambukizi, wengine wamekufa, huku malaria au kuharisha kwenyewe kukiwa hakujatibiwa. Kuota meno kunaweza kumletea mtoto udenda na usumbufu. Homa kali na kuharisha vina sababu nyingine. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

## Lini mswaki hautoshi

Panga safari ya kliniki ya kinywa na meno ukiona doa la kahawia au tundu, mtoto akitafunia upande mmoja, au akishtuka kwa maji baridi. Mwanza kliniki hizo zipo hospitali za Bugando na Sekou Toure, na hospitali za wilaya nyingi zina mtaalamu wa meno; anzia ya karibu nawe. Nenda mapema: tundu dogo mara nyingi linakwanguliwa kwa vifaa vya mkono na kuzibwa bila mashine. Ukisubiri aanze kulia usiku, kinachobaki mara nyingi ni kung'oa.

Nenda sasa hivi, hata kama ni usiku, ukiona shavu au chini ya taya pamevimba pamoja na homa, jicho linaanza kuziba, mdomo haufunguki, au anashindwa kumeza au kupumua vizuri.

Wakati unasubiri, parasetamo ya watoto kwa kipimo cha uzito wake inatuliza. Usimpe aspirini. Usitie tunduni maji ya betri wala petroli. Vinaunguza fizi na jino linabaki bovu. Antibayotiki za kununua bila kuandikiwa zinapunguza uvimbe kwa muda, kisha unarudi ukiwa mkubwa zaidi.

## Gego la miaka sita

Akikaribia miaka 6, rudi na tochi mwisho kabisa wa taya, nyuma ya magego yote ya utotoni. Linatoka gego jipya bila jino lolote kung'oka kwanza, kwa hiyo wazazi wanalihesabu kuwa la utotoni na kulipuuza. Hilo ni la maisha. Kwa miezi kadhaa linakuwa fupi kuliko majirani zake na mswaki unapita juu yake bila kuligusa. Geuza mswaki uingie kwa upande wa shavu, uliswaki peke yake, ukihesabu hadi kumi.